Shangazi kaambiwa atobolewe mgongoni awekewe mirija ya figo, tena na watu wa eksirei. Wajuzi njooni

Binti Kisarawe

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanitatiza nyumbani, naombeni mwongozo. Wa matusi apite uzi mwingine.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa anajiandaa kuanza mionzi pamoja na dripu za dawa. Wiki hii wamempima damu wakasema kreatinini, ile taka ya damu inayochujwa na figo, imepanda sana, wakampeleka utrasaundi, majibu yakatoka kwamba figo zote mbili zimejaa maji. Daktari kasema dripu hazianzi mpaka figo zikae sawa, na kabla ya hapo anapelekwa radiolojia, kwa watu wa eksirei na utrasaundi, akatobolewe mgongoni, kila figo iwekewe mrija wake, mkojo utoke nje kwenye mifuko. Hapasuliwi, halazwi usingizi, anachomwa ganzi tu.

Kikao cha ukoo kimegawanyika. Baba mdogo anasema hao wa eksirei kazi yao ni kupiga picha, kutibu wameanza lini? Bibi anasema mtu akishavalishwa mfuko ndiyo basi tena. Mimi ndiye niliyesoma kidogo kwa hiyo wote wananitazama mimi, na mimi sijui lolote. Nani amewahi kuuguza mtu mwenye mirija hii? Ni salama?

Nguli wa Keko

Nimekaa mkao wa kula nawasubiri wenye fani. Pole sana dada.

Fundi Picha

Pole Binti Kisarawe, na mpe pole shangazi. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mionzi. Kazi yangu ni kuwa chumba kimoja na hao madaktari nikiendesha mashine wakati wao wanachoma sindano, kwa hiyo nitaeleza ninachokiona kila siku.

Kwanza kwa nini figo zimejaa. Mkojo unatoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu kwa mirija miwili myembamba, na kila mmoja unapita jirani kabisa na shingo ya kizazi. Uvimbe ukitanuka kwenda pembeni unaibana. Figo zinaendelea kutengeneza mkojo, mkojo unakosa pa kwenda unarudi nyuma, figo inatanuka na taratibu inaacha kuchuja. Hapo ndipo kreatinini inapopanda. Sasa dawa inayotumika sana sambamba na mionzi kwa saratani hii, sisplatini, yenyewe ina tabia ya kuumiza figo. Ukiitundika kwenye figo za namna hiyo unammalizia mgonjwa. Ndiyo maana daktari wake kasimamisha, na amefanya sawa kabisa.

Inavyofanyika: mgonjwa analala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Daktari anasafisha mgongo, anaweka kipimo cha utrasaundi chini ya mbavu ya mwisho upande wa nyuma, anaitafuta figo. Figo iliyojaa maji haijifichi: katikati inaonekana nyeusi tititi, kwa sababu maji kwenye utrasaundi ni meusi. Anachoma ganzi kuanzia kwenye ngozi hadi karibu na figo. Kisha anaingiza sindano ndefu huku macho yako kwenye skrini, si kwenye mkono. Sindano yenyewe huioni yote, unaona kidoa cheupe kinachometameta, ndiyo ncha. Figo inapanda na kushuka kila mgonjwa anapopumua, kwa hiyo utasikia, "Mama, vuta pumzi, shikilia," na hapo hapo ncha inasukumwa ndani.

Hachomi popote tu. Analenga kikombe kidogo cha chini kinachokusanya mkojo ndani ya figo, upande wa nyuma, apitie kwenye nyama ya figo ambako matawi makubwa ya mishipa ya damu ni machache. Akichomeka moja kwa moja kwenye mfuko wa katikati anaweza kukutana na mshipa mkubwa, na mkojo utavuja pembeni. Akichomoa kiini cha sindano, mkojo unadondoka. Anapitisha waya laini ndani ya sindano, anaitoa sindano waya ukibaki, anapanua njia kidogo, halafu anateleza mrija juu ya waya. Mrija wa kawaida ni wa saizi 8 French, haufiki milimita 3 kwa unene. Akitoa waya, ncha ya mrija inajikunja duara ndani ya figo ili usichomoke hovyo. Pale tulipo na mashine ya eksirei ya video anasukuma dawa ya rangi kidogo kuhakikisha mrija umekaa penyewe. Kama hakuna, wapo wanaomaliza kazi nzima kwa utrasaundi peke yake.

Usalama: hakuna tundu la mwilini lisilo na hatari. Damu kwenye mkojo siku moja mbili za mwanzo ni kawaida. Damu nyingi au maambukizi kuingia kwenye damu hutokea kwa wachache, ndiyo maana watampima kwanza kama damu yake inaganda vizuri. Lakini kumpeleka mgonjwa mwenye kreatinini ya juu kwenye dawa ya usingizi na kisu, wakati kuna njia ya ganzi na tundu la milimita 3, sioni hesabu yake.

Kwa bibi: mfuko hauna maana kwamba safari imeisha. Ila na nyinyi muulizeni daktari bila kuona haya, lengo ni nini? Kama figo zikipona atapata matibabu ya saratani, mrija una kazi kubwa. Kama ugonjwa umesambaa kiasi kwamba matibabu ya kuuondoa hayapo tena, mrija utaokoa figo, hautaigusa saratani, na hapo mgonjwa mwenyewe ana haki ya kusema anataka au hataki.

Baharia Mstaafu

Fundi Picha umeshusha nondo. Ila swali la baba mdogo hujalijibu. Kwa nini radiolojia? Madaktari wa upasuaji wako wapi?

Fundi Picha

Mkuu, hili swali lina umri wa miaka 60 na ushei, na lilianzia Marekani kwa ugomvi.

Nyuma kidogo, 1953, kijana wa Sweden anaitwa Sven-Ivar Seldinger alichapisha njia ya kuingia kwenye mshipa bila kuuchana: sindano inaingia, waya unapita ndani ya sindano, sindano inatoka, mrija unafuata waya. Ndiyo hii hii niliyoeleza kwa shangazi. Yeye alitaka kupiga picha za mishipa tu, kumwaga dawa ya rangi na kuona wapi pameziba.

Halafu akatokea Charles Dotter, mtaalamu wa radiolojia kule Portland, Oregon. Tarehe 16 Januari 1964 aliletewa bibi wa miaka 82, mshipa wa paja umebana, vidole vya mguu vimeanza kuoza. Wapasuaji walitaka kukata mguu, bibi akagoma. Dotter akapitisha waya kwenye ile sehemu iliyobana, akafuatisha mirija, mwembamba kwanza halafu mnene zaidi, akaipanua. Mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, na bibi akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki kwa ugonjwa mwingine.

Unadhani wapasuaji walimpigia makofi? Walimbatiza jina la kichaa. Daktari mmoja alimtumia mgonjwa na fomu ya maombi ya picha imeandikwa kwa msisitizo: piga picha, usijaribu kutengeneza. Baba mdogo wako asione haya, yuko kwenye kundi la maprofesa.

Kwa hiyo jibu ni kwamba sindano inamfuata anayejua kusoma picha. Mwili ukiwa umefunikwa na ngozi, picha ndiyo macho. Mpasuaji anafungua aone. Huyu anaona bila kufungua, halafu anafika pale pale kwa waya. Wapasuaji wa mkojo nao wanaweka mirija hii, usije ukadhani ni ya watu wa radiolojia peke yao. Kuna na njia ya kupitisha mrija kwa ndani kupitia kibofu, lakini uvimbe ukishabana sana chini, mara nyingi njia hiyo inagoma.

Mama Tatu

Jamani naomba nidandie uzi hapa hapa. Mimi nina faibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, nimeshaambiwa kizazi kitolewe, nina miaka 41. Rafiki yangu aliyeko Ulaya anasema huko wanaziba tu mishipa inayolisha uvimbe, wanaingilia pajani, kesho yake unarudi nyumbani. Ni kweli au ni za vijiweni? Na kama ni kweli kwa nini sikuambiwa?

Fundi Picha

Ni kweli tupu dada. Wanaingia kwenye mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, wanaongoza katheta, yaani mrija mwembamba, kwa eksirei ya video hadi kwenye mishipa miwili ya kizazi, wanamwaga chembechembe zisizofika milimita 1. Damu inakatika kwenye uvimbe kama shamba lililofungiwa mfereji, na uvimbe unasinyaa kwa miezi kadhaa. Kizazi kinabaki kwa sababu kina mishipa mingine ya kukilisha.

Ilivyogunduliwa inachekesha. Jacques Ravina na wenzake Paris walikuwa wanaziba mishipa ili wanawake wasitoke damu nyingi siku ya upasuaji. Wagonjwa wakawa wanaona nafuu, wanasema upasuaji wenyewe hawauhitaji tena. Wakaandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Kama unaweza kukwepa kisu, kikwepe.

Rejista wa Usiku

Hapo kwenye kikwepe, Fundi Picha, napinga kwa heshima. Mimi ni daktari, niko mafunzoni kwenye magonjwa ya wanawake, na wagonjwa huja wameshasoma mitandaoni kwamba kuziba mishipa ni tiba ya peponi.

Tafiti zimefanyika na hazisemi kitu kimoja. Ule wa Uingereza wa 2007 ulichukua wanawake 157, kwa kura 106 wakazibwa mishipa, 51 wakafanyiwa upasuaji, wengi wao kutolewa kizazi. Baada ya mwaka mmoja hali zao za maisha zilikuwa sawa. Waliozibwa walilala hospitali siku 1, waliopasuliwa siku 5. Hapo mashabiki huwa wanafunga kitabu. Wangesoma mbele kidogo wangekuta wanawake 10 kati ya wale 106 walilazimika kurudia kuzibwa au kutolewa kizazi, kwa sababu dalili hazikwisha.

Halafu ukaja mwingine wa huko huko, matokeo yakatoka 2020: wanawake 254 katika hospitali 29, nusu wamezibwa mishipa, nusu wametolewa uvimbe wenyewe na kizazi kikabaki. Baada ya miaka 2, kwenye kipimo cha hali ya maisha cha alama 100, waliotolewa uvimbe walikuwa na 84.6 na waliozibwa 80.0. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa kulinganisha na walikotoka, lakini kisu kilishinda kidogo. Hili shabiki wa katheta hakwambii.

Mama Tatu, kabla hujaamua mwambie daktari wako kama bado unataka kuzaa. Hapo ndipo penye ushahidi hafifu, na wengi wetu tunashauri kuutoa uvimbe wenyewe kwa anayetafuta mtoto. Na ujue usiku wa kwanza baada ya kuzibwa unauma kweli, si mambo ya kuchomwa sindano ukaenda sokoni.

Fundi Picha

Daktari nimekuelewa, neno "kikwepe" nalifuta. Ila tazama na wewe: utafiti wako wa pili umelinganisha kuziba mishipa na kutoa uvimbe. Mama Tatu hajaambiwa lolote kati ya hayo mawili, kaambiwa kizazi kitoke. Tukibishana kati ya 84.6 na 80.0, yeye hata kwenye mjadala hajaalikwa.

Rejista wa Usiku

Hapo sina ubishi. Mgonjwa aelezwe njia zote tatu, na aambiwe ipi inapatikana wapi.

Mama Tatu

Asanteni sana. Watoto ninao watatu, natosheka. Nitarudi kliniki niulize njia moja moja.

Lodwar Kwetu

Salaam kutoka kaskazini mwa Kenya. Nyinyi mnaongea kana kwamba haya mambo ni ya hospitali kubwa zenye lifti. Sisi Turkana tumeyaona kijijini.

Kuna ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Mbwa anakula matumbo ya mbuzi aliyeugua, mayai ya mnyoo yanatoka kwenye kinyesi chake, binadamu anayameza bila kujua, kisha uvimbe unakua taratibu kwenye ini kwa miaka mpaka tumbo linakuwa la mjamzito. AMREF, shirika la afya, walipoanza mradi wao huku miaka ya 1980 walikuja na mashine ya utrasaundi, wanapima watu chini ya mti. Kabla ya hapo ungejuaje nani anao, wakati haumi?

Na tiba yake moja ndiyo hii ya sindano mnayoizungumzia. Inaitwa PAIR. Sindano inaongozwa na utrasaundi hadi ndani ya uvimbe, maji yanavutwa, inamwagwa alkoholi au maji ya chumvi kali kuua minyoo, inaachwa kwa dakika chache, inavutwa tena. Njia hiyo ilitoka Tunis mwaka 1986, Waafrika wenzetu, na WHO walitoa mwongozo wake 2001. Hata namna ya kuusoma huo uvimbe kwenye utrasaundi, ya kwanza kutumika sana duniani ilikuwa ya Mtunisia, Gharbi, 1981.

Masharti yake si mchezo. Yale maji yakivujia tumboni mgonjwa anaweza kupata mzio wa kuua, kwa hiyo adrenalini inakaa mezani tayari, na dawa ya albendazoli inaanza kabla ya sindano na kuendelea mwezi mmoja baadaye. Wakiona yale maji yana rangi ya nyongo hawamwagi chochote ndani, kwa sababu uvimbe umetoboka kwenye mirija ya nyongo na alkoholi ingeiunguza. Na si kila uvimbe unatobolewa: mwingine utrasaundi inaonyesha umeshakufa wenyewe, unaachwa unachunguzwa tu. Hapo ndipo picha inapoonyesha thamani yake, inakuzuia kuchoma.

Baharia Mstaafu

Lodwar Kwetu hii sijawahi kuisikia. Heshima kwenu.

Chuma Chakavu

Mnafurahisha sana. Sasa mimi nitawaharibia sherehe. Kwanza hiyo mionzi inaleta kansa, mnampeleka mgonjwa wa kansa akaongezewe. Pili nchi hizi mashine zinanunuliwa kwa mabilioni, waziri anakata utepe, baada ya miezi kadhaa zimefunikwa shuka. Utafiti wa Uingereza na Paris unanisaidia nini mimi wa Nachingwea?

Fundi Picha

La kwanza nalimaliza haraka. Utrasaundi haina mionzi ya aina hiyo kabisa, ni sauti. MRI nayo haina. Eksirei na CT-Scan zinayo. Hewa, ardhi na chakula vinakupa mionzi ya wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka ukiwa umekaa zako nyumbani. Eksirei moja ya kifua haifiki hata 0.1, CT-Scan ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10. Kwa hiyo usipige CT-Scan kwa kutaka tu, lakini shangazi wa mleta uzi, ambaye kazi yake nyingi ni utrasaundi na eksirei ya sekunde chache, mionzi haipo hata kwenye tano bora za matatizo yake. Anayepaswa kuogopa ni mimi niliyeko pale kila siku. Ndiyo maana navaa aproni yenye madini ya risasi na kibandiko cha kupima kinachosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na kikomo cha kazini ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

La pili, nusu uko sahihi, na ndilo ninalotaka lisomwe na watu wengi.

Nimefanya kazi hospitali moja, jina nalihifadhi, mashine ilikuwa nzima, umeme upo, daktari yupo, mgonjwa kafunga tangu usiku. Waya hakuna. Waya tu. Ule ninaouzungumzia tangu mwanzo, kitu cha kutumika mara moja kikatupwa, ulikuwa umeisha stoo na oda haijasainiwa. Mgonjwa karudishwa wodini. Mashine ya mabilioni imelala kwa kukosa waya. Ukinionyesha picha ya waziri na mkasi nitakuuliza swali moja tu: mikataba ya waya na mirija imesainiwa kwa miaka mingapi?

Na upande wa watu. Mpaka 2018 Tanzania, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na programu ya kufundisha madaktari wa fani hii ya kutibu kwa sindano inayoongozwa na picha. Oktoba mwaka huo Muhimbili wakaanza mpango na wenzao wa Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kikiwa mbele. Timu inakuja wiki mbili, daktari, muuguzi na mtaalamu wa mionzi, inaondoka, inakuja nyingine. Hawakuja kufanya maonyesho ya kutibu wagonjwa wachache na kupiga picha na watoto. Walikuja kusimama nyuma ya madaktari wetu wakati wenyewe wanachoma. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, wakaanzisha shahada ya uzamili ya miaka 2. Na kazi za mwanzo hazikuwa za kuzungumziwa kwenye taarifa ya habari: kuchukua vipande vya uvimbe vya kupimwa, kunyonya majipu ya tumboni, kufungua figo na nyongo zilizoziba. Utrasaundi na sindano.

Mimi hapo ndipo napoona utafiti wenye maana kwetu. Waliandika walichofanya: kazi ngapi, za aina gani, zilifanikiwa au zilishindwa, na kuna kifaa gani kilikosekana. Mtu wa Nachingwea anahitaji hiyo kuliko katheta ya roboti. Hospitali nyingi za mikoa zina utrasaundi. Tatizo, asiyefundishwa kuongoza sindano anaitumia kuangalia mimba tu.

Rejista wa Usiku

Nakazia hapo. Nimewahi kuona jipu la ini linapasuliwa tumbo zima, na mashine ya utrasaundi iko korido ya pili.

Kijana wa Kodi

Wakuu na akili mnemba je? Si itasoma picha zote, madaktari wa radiolojia wakalime?

Fundi Picha

Kusoma imeshaanza. WHO walipitisha 2021 programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na ni jambo zuri pale ambapo hakuna daktari wa kuzisoma. Lakini programu ikishasema "figo imejaa" bado mtu ashike sindano. Hiyo mikono tunayo michache.

Chuma Chakavu

Sawa Fundi, la waya nimelikubali. La waziri tutaongea siku nyingine.

Binti Kisarawe

Jamani nimesoma yote, na nimemsomea baba mdogo kwa sauti. Kaishia kusema "kumbe na Wazungu walikataa". Shangazi amekubali, anaenda Jumatatu. Tuulize nini tukifika? Na akirudi nyumbani nani anahudumia hiyo mirija, maana anakaa na mjukuu wa miaka 16.

Fundi Picha

Vizuri sana. Kabla ya Jumatatu wataje dawa zote anazokunywa, hasa aspirini au yoyote ya kulainisha damu, na za kienyeji pia, msifiche. Uliza kama majibu ya kuganda kwa damu yametoka. Kwa kawaida wanataka chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisiwe chini ya 50,000. Uliza kama watafungua figo zote mbili siku moja au wataanza na ile yenye uhai zaidi, wakati mwingine moja inatosha kushusha kreatinini. Na ulizeni mapema mrija ukifika muda wa kubadilishwa mnarudi wapi, maana unabadilishwa karibu kila miezi 3. Ukiachwa zaidi unajaa chumvichumvi za mkojo na kuziba.

Msishangae siku za mwanzo akitoa mkojo mwingi mno, lita kadhaa. Figo zilizokuwa zimefungwa zikifunguliwa hufanya hivyo, na wauguzi watakuwa wanamrudishia maji na kuangalia chumvi za damu. Usimwambie mtu apunguze dripu kwa sababu "anakojoa sana".

Nyumbani, mjukuu anaweza kabisa akifundishwa. Anawe mikono kwa sabuni. Mfuko ukae chini ya usawa wa figo muda wote, hata akilala, mkojo usirudi ndani. Mrija ubandikwe kwenye ngozi mahali pa pili mbali na tundu, ili ukivutwa na kanga au na mtu anayempakata uvutike pale kwenye bandeji. Akipata homa na kutetemeka, mrija ukiacha kutoa mkojo, mkojo ukiwa damu nyekundu tena baada ya kuwa umeshasafika, au mrija ukichomoka hata nusu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukichomoka msiurudishe wenyewe, na msingoje kesho. Tundu linaanza kujifunga haraka, na likishafunga inabidi aanze upya kuchomwa.

Mama Tatu

Mimi nilimuuguza mama mkwe na mfuko wa namna hiyo. Mnunulieni magauni mapana yenye mifuko ya ndani, au mshonee, mfuko unakaa humo hauonekani. Alikuwa anaenda kanisani nao na hakuna aliyejua.

Binti Kisarawe

Nimeandika kila kitu kwenye daftari. La mwisho Fundi: mfuko unamwagwa ukijaa kabisa au kabla?

Fundi Picha

Kabla. Ukifika nusu umwagwe, ukijaa uzito wake unavuta mrija. Na kila ukimwaga, mjukuu aandike ni kiasi gani na saa ngapi, kila mfuko na safu yake, wa kulia na wa kushoto. Daktari atalitaka hilo daftari kuliko maelezo yenu.